Gari la kwanza: la kabureta, la injekta au la betri?

Mtu mzima akisimulia gari lake la kwanza hataji nguvu za farasi wala ukubwa wa injini. Anataja mlango wa abiria uliokuwa ukifunguka kwa ndani tu, choki (kivuta cha kuwashia injini baridi) iliyobanwa kwa kibanio cha nguo isirudi, kioo cha dirisha kilichopandishwa kwa kusukumwa na viganja viwili. Magari yaliyofuata, yale mazuri zaidi, hayapewi hata sentensi mbili. "Baadaye nikawa na Corolla, haikunisumbua," basi. Gari lisilosumbua halina hadithi.

Ndiyo maana ushauri wa gari la kwanza, ukitoka kwa wajomba na mashangazi, huelemea upande mmoja. Wanasifia walichojifunza wakiwa wameinamia injini, na anayesikiliza anadhani linalosifiwa ni gari. Kwa hiyo nayaweka hapa ubavu kwa ubavu: la kabureta la kwenye simulizi, ambalo petroli yake inafyonzwa na upepo wa injini, la injekta lililolifuata, ambalo petroli yake inanyunyizwa kwa amri ya kompyuta, pikapu la dizeli, la haibridi lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na la umeme. Kila moja naliuliza maswali mawili. Siku likitaka kugoma, litatoa dalili gani kabla? Na siku likigonga kitu, litakulindaje? Mambo ya rangi na redio utaamua mwenyewe.

Gari la kwenye simulizi

Tuanze na Volkswagen Beetle, maana karibu kila ukoo una mtu aliyeiendesha. Injini iko nyuma, silinda nne zimelala, mbili huku na mbili kule, na inapozwa kwa upepo wa feni. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna mpira wa maji wa kupasuka. Magonjwa mengi ya gari yamefutwa hapo hapo. Hata chujio la oili la kubadilisha halina. Kuna wavu mdogo chini ya injini, unaufungua, unauosha, unaurudisha na gasketi mpya, unamimina lita mbili na nusu za oili, umemaliza. Zile za miaka ya 1950 hazikuwa hata na geji ya mafuta. Injini ikianza kukwama, dereva aligeuza kwa mguu koki ndogo iliyokuwa chini ya dashibodi, akafungulia mafuta ya akiba, akaendelea na safari. Na kwenye nyingi za miaka ya 1960 maji ya kuoshea kioo cha mbele yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Mhandisi aliyelibuni hilo ningependa kumshika mkono.

Beetle zilitengenezwa 21,529,464 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003. Umbo lilikuwa lile lile tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kazi ambayo kila mwenye gari la enzi hiyo aliijua kwa vidole ni ya platini. Unafungua kifuniko cha distributa, unaona vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kadiri mhimili unavyozunguka. Kila vikiachana, koili inatupa cheche moja. Vipande hivyo vinajiunguza kidogo kidogo: baada ya kilomita elfu chache upande mmoja umeota kichunusi na wa pili umechimbika kishimo. Unapitisha msasa laini, unafuta vumbi kwa karatasi safi, unapima mwanya kwa kibati chembamba cha milimita 0.4, unakaza skrubu. Skrubu ikikazwa mwanya unasogea, unaanza upya. Aliyepita hapo hatasahau maishani kwamba injini ya petroli inadai vitu vitatu tu: hewa na mafuta kwa kipimo chake, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Hicho ndicho alichopewa na gari lake la kwanza, na ndicho anachokikumbuka akisema magari ya siku hizi hayana maana.

Kabureta yenyewe haina akili, na hiyo ndiyo sifa yake. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, shinikizo linashuka, petroli inafyonzwa kutoka kwenye kibakuli kupitia tundu dogo linaloitwa jeti. Boya ndani ya kibakuli linafunga na kufungua njia ya mafuta. Uchafu ukiziba jeti gari linakohoa siku mbili tatu kabla halijakataa kabisa. Unalisikia likija. Unafungua, unapuliza jeti kwa mdomo, unarudishia. Hakuna gari la leo litakalokuruhusu hivyo.

Si magari yote ya zamani yaliyokuwa rahisi, lakini. Mini ya Alec Issigonis, iliyotoka mwaka 1959, ililaza injini kwa upana ili kuokoa nafasi, ikaweka giaboksi chini ya injini, vikachangia oili moja. Ndani mna nafasi ya kushangaza kwa kigari kidogo vile, ila distributa ikabaki inatazama wavu wa mbele: mvua kubwa ikinyesha au ukipita kwenye dimbwi, maji yanarukia nyaya za plagi na injini inazima. Wenye Mini walijifunza kuvisha distributa mfuko wa plastiki. Renault 4 ya mwaka 1961 nayo ina ajabu yake: upande mmoja, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma umezidi wa upande wa pili kwa karibu sentimita tano, kwa sababu vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi za nyuma vimelazwa kimoja nyuma ya kingine. Dereva wala hahisi. Fundi anayepima kwa futi kamba ndiye anayedhani amechanganyikiwa.

Na Peugeot 504, iliyochaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, ina sababu ya kukumbukwa na waliokaa viti vya nyuma kuliko walioshika usukani. Springi zake zina mwendo mrefu, viti vyake vinameza mtu, na barabara mbovu iliyolegeza boliti za magari mengine yenyewe iliipita kama haioni. Kwa safari ya familia nzima na mizigo juu ya paa, sedani chache za wakati ule zilisogea karibu nayo.

Lile lisilo na hadithi

Corolla ilianza mwaka 1966 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,077 na kabureta, ikisukumwa na magurudumu ya nyuma kama wenzake. Sedani zake zilihamia kuvutwa na magurudumu ya mbele kuanzia mwaka 1983. Mwaka 1997 jina la Corolla likaipita Beetle kwa idadi ya magari yaliyouzwa, na mwaka 2021 likavuka milioni 50. Mashabiki wa Beetle watakukumbusha, kwa haki kabisa, kwamba Beetle ilikuwa gari moja na Corolla ni magari tofauti kabisa yaliyorithishana jina.

Kilichobadilisha maisha ya mwenye gari ni injekta. Huko Ulaya, viwango vya moshi vya Euro 1 vilivyoyakamata magari yote mapya ya abiria mwaka 1993 viliifungia kabureta mlango. Badala ya koo jembamba na jeti, kompyuta inasoma sensa: hewa kiasi gani imeingia, injini ina joto gani, oksijeni kiasi gani imebaki kwenye moshi. Kisha inaamuru kila injekta ifunguke kwa milisekunde chache.

Sasa yaweke yote mawili kwenye foleni ndefu, jua la mchana. La kabureta lina pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini yenyewe. Joto likizidi, petroli inachemka ndani ya bomba, pampu inavuta mvuke, gari linazimika na halitawaka mpaka lipoe. Waliokuwepo wanakumbuka kitambaa chenye maji kilichofungwa juu ya pampu. La injekta lina pampu ndani ya tenki, inasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, na petroli iliyobanwa hivyo haichemki kirahisi.

Yapandishe mlima. Kila mita 1,000 za mwinuko, hewa inapungua uzito kwa takribani asilimia 10. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina mafuta kama iko pwani: moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu hakuna. Kompyuta inapunguza mafuta bila kukuuliza.

Yaache miezi kadhaa bila kuwashwa. Hapa wanakaribia kulingana. Petroli iliyobaki kwenye kibakuli cha kabureta inakauka na kuacha ulimbo unaoziba jeti. La injekta linakula betri taratibu, kwa sababu kompyuta na alamu hazilali kabisa. La kwanza linahitaji bisibisi na subira, la pili linahitaji waya za kuazimia umeme kwa jirani.

Likifa katikati ya safari, hapo ndipo mashabiki wa zamani wanapopata hoja. Pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki inaweza kukata roho bila kukohoa hata mara moja. Dalili zipo, ila lazima uzijue. Ukifungua swichi bila kupiga stata unasikia mlio mdogo kutoka nyuma kwa sekunde mbili hivi. Mlio ukianza kuwa mkali au ukipotea, usisubiri. Na usizoee kutembea na taa ya mafuta imewaka, maana petroli ile ile ndiyo inayoipoza pampu.

Kwa upande mwingine, gari la injekta linakiri kosa kwa maandishi. Kule Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo lilitakiwa kuwa na soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Unachomeka kifaa kidogo, kinasoma namba. P0300 maana yake silinda zinaruka cheche bila mpangilio. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Namba haisemi badilisha sensa, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. P0171 mara nyingi huwa ni mpira mmoja wa hewa uliopasuka, mrefu kama kidole, nyuma ya injini mahali ambapo jicho halifiki. Anayesoma namba kisha akafikiria anajifunza injini sawasawa na yule wa platini, kwa mlango mwingine tu.

Kabla ya kulipenda gari lolote la kundi hili, uliza kama lina mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha valvu sambamba na pistoni, au cheni. Mkanda ni wa mpira na una umri wake, nao kitabu cha gari kinautaja. Kwenye injini nyingi ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini inafunguliwa yote. Injini ya 1NZ-FE, ambayo Toyota iliitia kwenye Vitz, Probox na Corolla kadhaa, ina cheni. Muuzaji akisema "mkanda umebadilishwa juzi" bila karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Gari langu la pili lilikuwa la aina hii na sina la kusimulia. Ni sifa hiyo.

Siku ya kugonga

Hadi hapa mtu anaweza kubishana na mizani ikayumba. Kwenye ajali haiyumbi.

Mkanda wa usalama wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, lakini magari mengi ya miaka ya 1960 yalitoka kiwandani bila mkanda wowote, au na ule wa kiunoni tu. Breki zisizokaba magurudumu, ABS, zilifika kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Mfumo unaolizuia gari lisiteleze ubavu ulianza mwaka 1995 kwenye Mercedes pia, na Ulaya haikuudai kwa kila gari jipya la abiria hadi mwaka 2014. Kati ya Beetle ya mjomba wako na gari dogo la miaka ya 2000 kuna vitu vingine visivyoonekana: usukani unaojikunja badala ya kumfuata dereva kifuani, boneti iliyosanifiwa ijikunje ili chumba cha abiria kibaki, mito ya hewa. Kwenye Beetle tenki la petroli liko mbele, juu kidogo ya miguu. Na Beetle nyingi za zamani zina ekseli ya nyuma inayobembea: ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, gurudumu la nje linajikunja chini ya gari na mkia unakutangulia.

Anayeanza kuendesha ndiye anayeingia kona kwa kasi kisha akaachia mafuta ghafla. Sipendekezi gari la kabureta liwe la kwanza kwa mtu atakayelitumia kila siku, hata kama nayapenda, na nayapenda.

Kuna na mafuta yenyewe. Petroli yenye madini ya risasi ilitoweka vituoni duniani kote mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Injini nyingi za zamani ziliitegemea ile risasi kulainisha viti vya valvu, na bila hiyo viti vinaliwa taratibu, mwanya wa valvu unakwisha, mgandamizo unavuja. Dawa ipo, kupachika viti vigumu kwenye kichwa cha injini, ila ni kazi ya karakana yenye mashine, siyo ya bisibisi. Muulize muuzaji kama imeshafanyika. Kisha lala chini utazame kutu mahali jeki inapokaa. Injini utaitengeneza, lakini sakafu iliyooza itakumaliza.

Kama moyo umeng'ang'ania, linunue la zamani liwe la pili. Gari la jioni na wikiendi, na jingine la kukufikisha kazini. Gari bovu ukiwa huna haraka ni darasa zuri. Ukiwa umechelewa ni adhabu.

Pikapu na wenzake

Land Rover ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948, ikavishwa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Hilux ikaja mwaka 1968, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984. Waliokuwa na magari haya wanayazungumzia kama wanavyozungumzia ng'ombe wa maziwa, na sababu ni injini ya dizeli ya zamani: haina plagi za cheche, haina distributa, pampu ya noseli, vile vinyunyizio vya mafuta, ni ya gia na springi. Ikishawaka, umeme inaouhitaji kuendelea kuzunguka ni wa swichi ya kuizimia tu, na kwenye nyingine hata huo haihitaji.

Dizeli mpya ni mnyama mwingine. Kuanzia mwaka 1997 magari ya abiria yalianza kupata mfumo wa reli moja ya pamoja, yaani bomba moja linalolisha noseli zote, mafuta yanabanwa kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu ya lile la angani, na tundu za noseli ni nyembamba mno. Maji kidogo kwenye mafuta, noseli zote zinakwenda. Zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinahitaji safari ndefu ya mwendo mzuri ili chujio lijichome na kujisafisha. Anayekwenda kilomita tatu dukani na kurudi ataliziba. Kwa hiyo sifa za dizeli ya mjomba usizihamishie kwenye dizeli utakayoiona leo kwa sababu tu jina la nyuma ni lile lile.

Na pikapu tupu, lenye springi za majani nyuma, kitako kinarukaruka kwenye kona yenye mawe na tairi linapoteza kushika. Kama huna mzigo wa kweli, angalau mara moja kwa wiki, acha.

Pikipiki naipita haraka: kwa watu wengi ndicho chombo cha kwanza hasa, na Honda Super Cub, iliyoanza mwaka 1958 na kuvuka milioni 100 mwaka 2017, imewabeba wengi kuliko gari lolote nililolitaja. Lakini anayechagua gari ameshaamua anataka paa.

Haibridi na la umeme

Prius, haibridi ya Toyota, iliingia sokoni Japani Desemba 1997. Wengi huiogopa wakidhani ni gari la kawaida lililoongezewa matatizo, na kwa kweli limepunguziwa mengi. Halina stata, kwa sababu mota ya umeme ndiyo inayoizungusha injini. Halina alteneta, kwa sababu mota hiyo hiyo inachaji. Halina klachi wala mkanda wa otomatiki ya kawaida. Kuna seti moja ya gia za sayari inayogawanya nguvu kati ya injini na mota mbili. Padi za breki zinaishi muda mrefu sana kwa kuwa kazi kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota, nao umeme unarudi kwenye betri.

Betri kubwa ndiyo roho ya gari na ndiyo hatari yake. Inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye wavu karibu na kiti cha nyuma. Nenda ukautazame wavu huo kabla hujatazama kitu kingine chochote. Ukiukuta umejaa vumbi na manyoya ya mbwa, au mtu ameweka mizigo mbele yake miaka yote, betri imekuwa ikipikwa. Kisha tafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma volti za kila kikundi cha seli, mkaendeshe gari kwenye mlima huku anatazama. Kikundi kimoja kikianguka chini kuliko wenzake, umeshajua. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wewe, wala fundi asiyejua anachofanya, kwani zinabeba volti za kuua.

Kwa maswali yangu mawili haibridi inajibu vizuri: mifumo ya usalama ipo, na betri ikianza kuchoka gari linaanza kwa kula mafuta zaidi na feni kulia nyuma ya kiti, muda mrefu kabla ya kuwasha taa nyekundu. Kosa lake ni kwamba inategemea nani yuko karibu nawe. Kama hakuna fundi wa haibridi mnakoishi, sifa zote hizo zinabaki karatasini.

La umeme kamili nalipa nafasi fupi kwa sababu uamuzi wake ni mfupi. Una mahali pako pa kulichomeka usiku? Kama huna, subiri. Kama unapo, ni gari lenye vitu vichache vya kuharibika kuliko yote niliyoyataja, kuliko hata Beetle. Nissan Leaf, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2010 na betri ya kilowati-saa 24, ni miongoni mwa zilizo nyingi kati ya zilizotumika, na betri yake haina kipoozeo cha maji. Mahali pa joto kali inachakaa upesi. Uzuri ni kwamba inakuonyesha. Pembeni ya geji ya chaji kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikipotea, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Vikibaki nane, usisikilize maneno, piga hesabu ya safari yako ya kila siku, kwenda na kurudi, na uiongezee akiba.

Ningechukua lipi

Kwa anayeanza na ana gari moja tu la kutegemea: dogo la petroli, la injekta, la miaka ya 2000 au baada yake, lenye ABS na mito ya hewa, gia za mkono. Gia za mkono si kwa ajili ya ushujaa. Katika nchi nyingi ukifanya mtihani wa leseni kwa otomatiki unaruhusiwa kuendesha otomatiki pekee, na giaboksi la mkono lililotumika ni rahisi kulipima kuliko otomatiki: klachi ikiteleza utaihisi kwenye mlima, gia ikikwaruza utaisikia. Otomatiki iliyochoka inaweza kujificha siku nzima ya majaribio kama oili imebadilishwa jana. Ukiwa unaishi kwenye foleni, au goti linauma, chukua otomatiki na usiombe radhi kwa mtu.

La pili kwangu ni haibridi iliyopimwa betri. La tatu ni la umeme, na linapanda hadi la kwanza kwa mwenye sehemu ya kuchaji na safari zinazojulikana. Pikapu kwa mwenye mzigo. La kabureta kwa mwenye jingine.

Ukienda kulitazama lolote lenye injini, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kisha zima, fungua swichi bila kupiga stata, utazame ile taa ya njano yenye umbo la injini. Lazima iwake, na lazima izimike injini ikishawaka. Isipozimika, chomeka kifaa chako usome namba. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima kwa makusudi, na hapo mrudishie funguo uage.